TV Imekwama Dukani "Kwa Matengenezo": Namna ya Kuidai Ukiwa Kigoma

Nilinunua TV ya inchi 43 hapa Kigoma mjini kwa shilingi 780,000, waranti mwaka mmoja. Mwezi wa tano ikabaki na sauti, picha hakuna. Nikaipakia kwenye bajaji, nikairudisha dukani. "Iache hapa bosi, wiki mbili tu." Wiki mbili zikawa tano. Kila nikipita jibu ni lile lile: mzigo uko Dar, vuta subira.

Wiki ya sita nilimsindikiza shemeji yangu kwenye duka hilo hilo, yeye anatafuta pasi. Kijana wa dukani akafungua mlango wa stoo, na pale nyuma ya majokofu mawili nikaona kona ya fremu nyeusi yenye stika ya kipepeo. Stika ile aliibandika binti yangu. Vumbi lilikuwa limeikaa kama TV ya marehemu. Haijafika Dar. Haijavuka hata Mwandiga, hapo nje kidogo ya mji.

Yaliyomo humu ni niliyoyafanya baada ya siku ile, pamoja na yale niliyopaswa kuyafanya siku ya kwanza nikayaacha kwa sababu muuzaji alikuwa mtu mwema, mcheshi, tunasalimiana sokoni. Watu wengi hapa tunapigwa kalenda na watu tunaowafahamu. Ndiyo maana tunaona aibu kuandikishana.

1. Hakikisha mbovu ni TV

Dakika kumi tu. Chomoa kingamuzi, chomeka flashi yenye video. Ikicheza vizuri, shida ni kingamuzi, waya au dishi, na hapo duka halihusiki. Ikiwa sauti ipo na kioo ni cheusi, zima taa ya chumbani, washa tochi ya simu na uielekeze kwenye kioo kwa karibu, ukiinamisha kidogo. Ukiona picha hafifu zinapita kama vivuli, kioo kizima. Zilizokufa ni taa za nyuma ya kioo. Ni ubovu wa kawaida kwenye TV za LED na si kosa la mtumiaji. Ukiona ufa au doa kama wino uliomwagika, hiyo ni ajali ya kioo, na waranti karibu zote haziigusi.

Usifungue mfuniko wa nyuma. Usimruhusu hata fundi wa mtaani unayemwamini afungue. Pale kwenye skrubu huwa kuna stika ndogo, na ikichanika umempa muuzaji sentensi yake ya kwanza: "Hii imeshachokonolewa."

Kabla hujaipeleka popote, piga video ya dakika moja: ubovu unavyoonekana, kioo kizima pande zote nne, na stika ya nyuma yenye modeli na namba ya seriali. Usiikatize.

2. Tafuta risiti, kisha soma jina lililo juu yake

Risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi, ina mambo mawili unayoyahitaji. La kwanza ni tarehe, inayoonyesha kama waranti bado ipo. La pili watu wengi hawaliangalii: jina la mfanyabiashara na TIN, namba yake ya mlipakodi. Kibao cha dukani kinaweza kusema kitu cha kung'aa na "Electronics" mwishoni, lakini kibao hakishtakiwi. Unayedaiana naye ni mtu au kampuni iliyo kwenye risiti. Mimi niligundua mwenye jina kwenye risiti si yule niliyekuwa nikimpigia simu wiki tano nzima. Yule alikuwa msimamizi tu, na mwenye mali hakuwa na habari. Kama risiti ina jina la biashara tu, BRELA ndiko majina ya biashara yanakosajiliwa na mwenyewe anakoweza kutafutwa.

Karatasi ya EFD inafifia. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari au karibu na jiko, baada ya miezi unabaki na karatasi nyeupe. Ipige picha leo, toa na fotokopi.

Hukupewa risiti? Muuzaji alivunja sheria ya kodi, na wewe kutoidai pia ni kosa, kwa hiyo usianze kumtishia mtu na TRA, watu wa kodi, huku mikono yako nayo ina masizi. Ila mauziano yenu bado yapo. Ujumbe wa malipo kwenye simu, kadi ya waranti yenye muhuri, mtu uliyekwenda naye, vyote vinaweza kuthibitisha kwamba ulinunua pale.

3. Toa taarifa mapema, tena kwa maandishi

Hapa naomba uwe na subira nikuelezee sheria, maana ndipo watu wanapopoteza haki bila kujua.

Tunayo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata mtindo wa sheria ya Waingereza ya mwaka 1893. Lugha yake ni ya kizamani, maana yake nyepesi: mtu ambaye kazi yake ni kuuza TV, akikuuzia TV, anahesabiwa ameahidi kwamba ni ya ubora unaouzika na inafaa kwa kazi yake, hata kama hakutamka neno. Ahadi hiyo ni ya muuzaji. Si ya kiwanda kilichoko ng'ambo, wala ya kituo cha huduma Dar es Salaam. Kwa hiyo akikuambia "sisi ni wauzaji tu, ongea na kampuni", mjibu kwa upole kwamba fedha hukuipa kampuni.

Waranti ni kitu kingine kinachokaa juu ya ahadi hiyo. Inakurahisishia kazi, kwa kuwa ndani ya muda wake huhitaji kubishana sana, lakini haiifuti ahadi ya sheria.

Sasa upande wa pili, ambao muuzaji anaujua kuliko wewe. Sheria hiyo hiyo inasema mnunuzi akikaa na mali kwa muda unaozidi kiasi bila kusema ameikataa, anahesabiwa ameikubali. Ukishahesabiwa umeikubali, kurudisha TV na kudai fedha yote kunakuwa kugumu. Kinachobaki ni kudai fidia, kwa mfano gharama ya matengenezo au pengo la thamani. Bado ni haki, lakini ndogo zaidi. TV iliyoharibika wiki ya pili na iliyoharibika mwezi wa kumi hazidaiwi kwa sauti moja. Usikae nayo ukisema "nitaipeleka nikipata nafasi". Siku uliyoona ubovu, tuma ujumbe wa WhatsApp au wa kawaida kwa namba ya duka, useme TV ipi, ulinunua lini, ina shida gani. Ujumbe wa simu unaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua hilo. Maneno ya kaunta yanapeperuka na upepo wa ziwa.

Na lile bango la "mali ikishauzwa hairudishwi"? Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani, FCC, inakataza kumpotosha mlaji kuhusu haki na dhamana alizonazo. Bango linaweza kumzuia mtu aliyebadili mawazo kuhusu rangi ya fremu. Halimzuii mwenye TV isiyoonyesha.

4. Usiiache dukani bila karatasi

Kama ningerudishwa nyuma nichague kosa moja la kufuta, ningefuta hili. Niliiacha TV juu ya kaunta, nikapewa tabasamu, nikaondoka. Wiki ya sita sikuwa na kitu cha kuonyesha kwamba TV yangu imo humo zaidi ya stika ya kipepeo.

Omba hati ya kupokelea. Wakisema hawana, chukua karatasi ya daftari uandike mwenyewe, wao wasaini na kugonga muhuri. Ina mambo machache: jina la duka kama lilivyo kwenye risiti, modeli na namba ya seriali, ubovu ("sauti ipo, picha hakuna"), hali ya nje ("kioo hakina ufa, fremu ina mkwaruzo mmoja chini kulia"), vilivyoambatana nayo, tarehe ya kupokelewa, na tarehe ya kuwa tayari.

Vilivyoambatana nayo maana yake ni rimoti, miguu na skrubu zake, waya wa umeme kama unachomoka. Ushauri wangu ni kuviacha vyote nyumbani, maana anayetengeneza anazo rimoti za kujaribia. Mimi niliipeleka na rimoti yake. Nitarudi huko.

Muulize palepale, kabla hajaandika: inatengenezwa hapa au inasafirishwa? Ikisafirishwa, kwa basi au kwa treni, na nani analipa? Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli ya kati, na TV inayosafiri bila boksi lake inafika na hadithi nyingine. Kama ungali na boksi na yale maboya meupe ya kuikinga, ipeleke ndani ya boksi. Gharama ya kusafirisha kwa ajili ya ubovu wa kiwandani si yako isipokuwa kadi ya waranti imesema hivyo, kwa hiyo isome kadi. Wengi hawaisomi mpaka siku ya ugomvi, mimi nikiwemo.

Tarehe ya kuwa tayari ndiyo itakayopingwa. "Siwezi kukuandikia tarehe, spea zinatoka Dar." Sawa. Basi mwambie aandike tarehe ya kukupa jibu: siku saba, akuambie imekutwa na nini na itachukua muda gani. Hakuna mfanyabiashara mkweli anayeshindwa kuahidi jibu ndani ya wiki. Anayekataa hata hilo ameshakuambia jambo la maana, na hapo afadhali urudi na TV yako nyumbani na kuendelea kwa barua.

5. Kufuatilia bila kugeuka kero, na kujibu visingizio

Dawa ya kupigwa kalenda ni kuwa na kalenda yako. Kila simu, kila mguu unaoupeleka dukani, uandike: tarehe, umeongea na nani, amesema nini. Kisha mtumie ujumbe mfupi palepale: "Asante kaka, kama ulivyoniambia leo tarehe 9, bodi itafika Ijumaa tarehe 15." Asipokanusha, umepata maandishi yake bila kumwomba saini. Huo ujumbe mmoja ulinisaidia kuliko makelele yote niliyoyapiga, na makelele niliyapiga, sitaki kujifanya mstaarabu.

Visingizio viko vya aina tatu hivi.

"Mzigo uko Dar." Omba namba ya waibili au risiti ya basi, na jina la kituo kilichoipokea. Kitu kilichosafirishwa kina karatasi. Kama haina karatasi, omba kuingia stoo.

"Spea hakuna." Inaweza kuwa kweli, modeli zinabadilika haraka. Lakini kukosekana kwa spea ni shida ya muuzaji, haigeuki kuwa msiba wako. Spea isipopatikana ndani ya muda wa maana, kinachofuata ni TV nyingine au fedha.

"Umeme ndio umeiunguza, waranti haihusiki." Kwa mji wetu hiki ndicho kisingizio mama. Kimeanza enzi za majenereta ya dizeli, kabla ya Gridi ya Taifa, na mpaka leo umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo kila mtu anakimbilia kuchomoa friji. Kwa hiyo kinaaminika upesi. Usikikubali kwa mdomo. Anayedai umeme ndio uliofanya, aonyeshe: ni sehemu gani imeungua? Umeme uliopanda kwa kawaida huanza kupiga mlangoni, kwenye fyuzi na bodi ya pawa, na mara nyingi TV haiwaki kabisa. TV inayowaka, inayotoa sauti safi, iliyokufa taa za nyuma tu, haina dalili hiyo. Dai maelezo ya fundi kwa maandishi, yenye jina na saini yake. Dukani nilikokuwa mimi, kisingizio cha umeme kilikufa siku nilipoomba karatasi hiyo.

Na kama kweli ni umeme? Kama mtaa mzima uliunguziwa vitu siku moja, toa taarifa TANESCO siku hiyo hiyo, pata namba ya taarifa, orodhesha na majirani. Wakikuzungusha, malalamiko ya huduma ya umeme yanapokelewa na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Radi ni habari nyingine; mvua zikishaanza, chomoa umeme na waya wa dishi pia, kwa kuwa radi hupitia huko vilevile. Friji gadi au stabilaiza ni bei ndogo kuliko bodi, na ukiwa nayo umemnyang'anya muuzaji hoja. Tunza risiti yake pia.

Kuna na jambo la nne, si kisingizio bali ofa: "Ongeza laki na nusu uchukue hii kubwa." Kabla hujafurahi, jiulize unaongeza kwa ajili ya nini. TV mbovu si mali ya kubadilishana na nyongeza. Thamani yake kwako ni bei kamili uliyolipa. Kama ile kubwa dukani inauzwa 930,000, nyongeza ya 150,000 ni halali. Kama bei yake ni 850,000, unalipia ubovu wao. Ukikubali, pata risiti mpya na waranti inayoanza siku hiyo, si iliyobaki kutoka ile ya zamani.

Mwombe pia TV ya kuazima. Sheria haimlazimishi, lakini maduka mengi yana TV ya maonyesho au iliyorudishwa ikatengenezwa. Mimi niliomba nikiwa nimechelewa, nikapewa ya inchi 32. Binti yangu akasema TV imenyauka.

6. Barua

Tarehe mliyoandikiana ikipita bila kitu, acha kupiga simu. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa jina lililo kwenye risiti. Hivi:

"Ninaandika kuhusu TV (aina, modeli, namba ya seriali) niliyonunua dukani kwako tarehe ... kwa shilingi ..., risiti namba .... Tarehe ... niliirudisha ikiwa na hitilafu: sauti ipo, picha hakuna. Uliahidi itakuwa tayari tarehe .... Leo zimepita siku ... na sijaipata. Naomba ndani ya siku 14, yaani kabla ya tarehe ..., ufanye moja kati ya haya: unikabidhi TV ikiwa imetengenezwa, unipe nyingine ya aina hiyo au ya thamani hiyo, au unirudishie fedha niliyolipa. Muda huo ukipita nitawasilisha lalamiko Tume ya Ushindani na kufungua madai Mahakama ya Mwanzo."

Ambatanisha nakala za risiti, kadi ya waranti na hati ya kupokelea. Nakala, si halisi. Toa barua mbili. Moja wabaki nayo, nyingine wasaini "imepokelewa" na tarehe. Wakikataa kusaini, nenda na shahidi, iache kaunta, kisha itume picha yake WhatsApp ili tarehe ibaki.

Siku 14 hazimo kwenye sheria. Nimezichagua kwa kuwa kifurushi kinaweza kwenda Dar kwa basi, kikatengenezwa na kurudi ndani ya siku hizo kama kuna mtu mwenye nia. Usimpe siku tatu. Hakimu akisoma atakuona wewe ndiye mkorofi. Na usiandike matusi wala "nitakufungia duka". Huna uwezo huo.

Kwangu mimi mambo yaliishia hapa. Barua ilimfikia mwenye mali mwenyewe, yule wa kwenye risiti. Akanipigia siku ya tatu: "Mwalimu, kwa nini hukuniambia mapema?"

7. Isipoishia hapo

Watu wengi wanakimbilia polisi. Sikushauri. TV iliyocheleweshwa kutengenezwa ni madai, si jinai, na polisi si wakusanya madeni. Ikiwa muuzaji ameiuza TV yako au amekana kuipokea, hapo hadithi inabadilika, na hati ya kupokelea ndiyo itakayosema.

Anza na afisa biashara wa halmashauri; kwa wa mjini ni Manispaa ya Kigoma Ujiji. Hatoi hukumu, ila wenye maduka wanamfahamu kwa mambo ya leseni, na kikao cha watu watatu ofisini kwake kimemaliza mengi. Usiende mikono mitupu.

FCC ndiyo inayoshughulika na haki za mlaji na bidhaa bandia. Lalamiko linaandikwa, unaambatanisha vielelezo, huhitaji kusafiri kuanza. Kwao peleka hasa kama umegundua TV si ya kampuni iliyoandikwa usoni. Hili linatokea: kituo cha huduma kinaangalia namba ya seriali na kusema hawaijui. Ukipata jibu hilo, acha kabisa kudai matengenezo. Uliuziwa kitu kisicho ulichoambiwa, na dai lako ni fedha yote.

Mahakama ya Mwanzo inawatisha watu bure. Inasikiliza madai ya fedha yanayotokana na mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, kwa Kiswahili, na watu wengi wanajisimamia wenyewe. Dai fedha, usidai "TV itengenezwe"; shilingi ni rahisi kukazia hukumu kuliko bodi. Weka bei uliyolipa, nauli za bajaji zenye ushahidi, na gharama za shauri. Panga karatasi kwa tarehe: risiti, waranti, ujumbe wa kwanza, hati ya kupokelea, jumbe za "wiki ijayo", barua. Kama kuandika madai kunakupiga chenga, ulizia ofisi ya kata au ustawi wa jamii kuhusu wasaidizi wa kisheria. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na msaada wao ni bure.

Mawili ya haraka. TV ya mtumba nayo inadaiwa, ila hakimu hatatarajia iwe mpya, na kama muuzaji alikuonyesha ubovu ukakubali, umekubali. Na kama uliichukua kwa mkopo, usiache kulipa rejesho kwa hasira. Lipa ukilalamika kwa maandishi, usije ukageuka wewe mdaiwa.

8. Siku ya kuichukua

Usichukue jioni duka linapofungwa. Nenda asubuhi, waiwashe, ikae inawaka nusu saa ukiitazama. Taa za nyuma zilizobadilishwa vibaya huacha kona moja nyeusi au rangi ya samawati isiyokuwepo, na huonekana vizuri kwenye picha nyeupe, kwa hiyo nenda na flashi yenye picha nyeupe tupu. Linganisha namba ya seriali na ile ya kwenye hati yako. TV zinafanana, na fundi ana nyingi. Angalia skrubu za nyuma zote zipo.

Omba karatasi inayosema kilichobadilishwa, na iandikwe waranti ya kazi hiyo ni ya muda gani. Omba pia waongeze kwenye waranti ya awali zile siku ilizokaa kwao. Kwangu ilikaa siku 51 na waliniongezea miezi miwili, kwa kalamu, na muhuri. Sikulazimishwa kubishana, niliuliza tu.

Nikakagua kila kitu, nikasaini, nikaipakia. Nimefika nyumbani Mwanga, nimeichomeka, kipepeo yuko palepale kwenye kona, binti anasema niweke katuni. Nikapapasa ndani ya boksi. Rimoti haimo, na kwenye hati ambayo sikuiandika siku ile, haimo pia. Niliirudia Jumatatu. Ilikuwa kwenye droo ya kaunta, imeshatolewa betri.